Mume Wangu, Goti Lake na Gari Lililogoma Kushika Mwendo

Wadada (na nyie kaka zangu mnaolisoma gazeti hili kwa kuibia), leo naomba tuongelee gari. Usifungue ukurasa mwingine kwanza! Kwenye ndoa yangu gari ni kama mtu wa tatu. Tunaishi Mgololo, huku Mufindi kwenye kiwanda cha karatasi, na wakwe zangu wako Mbeya. Safari ni ile ile: tunatokea Nyororo kwenye barabara kuu, halafu Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi, mpaka Uyole.

Baba watoto alishafanyiwa operesheni ya goti la kulia. Ndiyo maana tulilipenda hili gari letu la Japani la miaka ya 1990: lina kruzi kontroli, yaani kile kifaa kinachoshika mwendo bila wewe kukanyaga mafuta. Ukishaivuka Igawa, barabara imenyooka, unabonyeza kitufe, gari linashika kilometa 80 lenyewe na goti linapumzika.

Kama ulikuwa hujui, kifaa hiki kilibuniwa na mtu asiyeona! Ni injinia wa Marekani, Ralph Teetor, aliyepoteza macho akiwa na miaka 5. Inasimuliwa kwamba mwanasheria wake alikuwa akimwendesha, akiongea anapunguza mwendo, akisikiliza anaongeza. Mzee akachoka kuyumbishwa. Alipata hataza mwaka 1950, na mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ikaanza kukiuza kwenye magari yake. Nilipomsimulia mume wangu alicheka sana, maana na yeye ni hivyo hivyo. Nikianza tu habari za ada, anakanyaga mafuta.

Basi siku moja kitufe kikagoma. Unabonyeza, kimya. Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua vizuri, akasema kompyuta ya kruzi imekufa, nunueni nyingine. Bei yake, jamani, ni ada ya mtoto ya muhula mzima.

“Achana nayo mama, ile ni anasa tu,” mume wangu akasema.

Lakini anayelikanda lile goti usiku ni mimi, siyo fundi. Nikajiuliza kitu kimoja. Ukigusa breki, kruzi inajizima palepale. Imejuaje? Lazima inasikiliza waya wa breki. Sasa kama waya huo una tatizo, si itakataa kuwaka? Nikamwambia, “Baba, hebu kanyaga breki, mimi nasimama nyuma.”

Kushoto giza. Kulia giza. Hata ile taa ndogo ya kwenye kioo, giza.

Hapo hakuna aliyecheka. Wanaoijua Mufindi wanajua ukungu wake, na wanayajua malori ya magogo na mbao yanayokuja nyuma yako. Watoto wetu hukaa kiti cha nyuma. Mume wangu alishuka, akaziangalia zile taa, akauliza kwa sauti ya chini, “Tangu lini?” Nani angejua? Ukiwa umeshika usukani huzioni.

Fyuzi ya taa za breki ilikuwa imeungua. Tukaweka mpya, breki ikaguswa mara moja, ikaungua tena. Fundi wa pili, wa umeme, akafuata nyaya hadi kwenye buti. Waya mmoja ulikuwa umechunika, unagusa bodi. Akaufunga vizuri, akaweka fyuzi, taa zikawaka. Na kruzi? Ikarudi yenyewe. Kompyuta haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo shosti, kruzi ya gari la zamani ikigoma, anza na vitu rahisi. Angalia taa za breki, globu na fyuzi. Fyuzi ikiungua tena, usikubali kuwekewa kubwa zaidi au kipande cha waya, utachoma gari. Kisha swichi iliyo juu ya pedeli ya breki. Kama honi nayo imekufa, tatizo linaweza kuwa ndani ya usukani. Kama mshale wa spidi unarukaruka, mwambie fundi aangalie sensa ya mwendo. Magari mengine ya zamani hutumia mipira ya hewa, nayo hupasuka kwa uzee. Kompyuta iwe ya mwisho. Na hata ikiwa nzima, usiiwashe kwenye mvua, kwenye ukungu, au kwenye mteremko wa kona kama Kitonga.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Siku hizi mume wangu nikimwambia kitu fulani hakiko sawa, hasemi tena ni anasa. Anauliza, “Nikanyage, uangalie?”