Mifupa ya Wafu na Elimu ya Chuo Kikuu

Wakristu kadhaa hapa Kalemie wananiuliza kama ni halali kijana mbatizwa, akiisha kupata shahada ya kwanza, aendelee chuoni kujifunza kufukua makaburi ya kale na kuchunguza mifupa. Wengine husema ni kazi ya wachawi. Mimi siikubali neno hilo, lakini siwezi kusema kwamba kila kazi ya namna hiyo ni njema.

Tazameni Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika nchi ya Waluba. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu Nenquin na Hiernaux walifukua huko makaburi mengi, na Pierre de Maret akaendeleza kazi mwaka 1974. Baadhi yake yamepita miaka elfu moja. Wafu walilazwa pamoja na vyungu na mapambo ya shaba. Umri wa mtoto hujulikana kwa meno yake, maana meno huota kwa utaratibu. Basi likaonekana jambo la kugusa moyo: mtoto alipokuwa mdogo zaidi, vyungu vyake navyo vilikuwa vidogo zaidi. Maana yake, mtu alitafuta chungu cha kumfaa mtoto aliyekufa, labda hata alikifinyanga kwa ajili yake. Wazee hao hawakusikia Injili, nao walijua sana kuzika! Pasipo elimu hiyo tusingalijua.

Lakini iko mifupa iliyochunguzwa pasipo kuzikwa. Mwaka 1883 askari Mbelgiji, Émile Storms, alijenga boma pale Mpala, kusini kwetu kando ya ziwa. Desemba 1884 watu wake walimwua sultani Lusinga katika milima ya Marungu, wakamkata kichwa. Storms alilipeleka fuvu Ubelgiji, pamoja na mafuvu mengine mawili, na mwaka 1886 daktari Houzé aliyapima ili kupambanua makabila kwa umbo la kichwa. Mwaka 2018 mwandishi wa gazeti aliyatafuta, akayakuta katika taasisi ya sayansi huko Brussels.

Mtu atasema: Lusinga aliteka watu na kuwauza. Ni kweli. Lakini katekisimu inatuamuru kuzika wafu. Haisemi wafu wema tu. Tobiti alipookota maiti sokoni hakuuliza kwanza mwenendo wake. Nasi jambo hili latuhusu, kwani mwaka 1885 Storms aliwaachia Mapadre Weupe boma lile, na misioni ya Mpala ikaanza humo.

Mwaka 2019 taasisi za Ubelgiji zilianza kuorodhesha mabaki ya watu yaliyomo katika makumbusho yao, na wataalamu hao wakashauri yarudishwe wenyewe wakiyadai. Kwa kazi hiyo anahitajika mtu ajuaye kusoma mifupa na kusema Kitabwa. Basi kijana wetu akitaka kwenda, nitamwombea kwa paroko barua ya kumsaidia. Nami nitamwagiza apite kwanza Marungu, akawaulize wazee wa ukoo ule wangependa kumzika wapi.