Windows ndani ya Mac: raha nusu

Wiki hii nimepigana na programu ya risiti ya mteja wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ni ya Windows tu, nami natumia Mac yenye chipu ya M1.

Enzi za Intel, kuanzia 2006, Mac na Windows zilitumia chipu za aina moja. Mwaka 2020 Apple ilianza kuhamia chipu zake za ARM. Sasa mashine pepe hubeba Windows 11 ya ARM, nayo hutafsiri programu zilizoundwa kwa Intel. Basi programu ilifunguka, ikapiga hesabu vizuri. Printa ndiyo iliyogoma. Draiva hazitafsiriwi, lazima ziundwe kwa ARM yenyewe, na ya printa hii haipo.

Isitoshe, kati ya GB 8 za RAM nimeigawia Windows 4. Pande zote mbili zinajikokota.

Mteja halipi mpaka risiti itoke, na kodi ya nyumba haingoji. Nimeazima laptopu kuukuu ya Intel, nikamaliza kazi jioni hiyo hiyo. Mnaotegemea Windows kwa riziki, ulizieni draiva kwanza.