Nieleze Mpaka Nielewe

Mzazi wa Kimandolu aliyeishia darasa la saba ana miaka saba ya kumsaidia mtoto wake masomo. Katika miaka hiyo anaweza kufungua daftari jioni, akasoma swali, akaona jibu limekosewa, akasema, "Rudia hapa." Kisha mtoto anachaguliwa kwenda sekondari, nyumba nzima inafurahi, na daftari linaanza kurudi limeandikwa kwa Kiingereza. Usanisinuru, ambao mzazi aliujua kwa jina lake, umekuwa fotosinthesisi. Kuanzia hapo mzazi anakagua daftari kwa nje tu: limechakaa au halijachakaa, tiki ni nyingi au ni chache.

Hali hiyo ina umri mrefu. Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia shule za msingi za umma tangu mwishoni mwa miaka ya sitini, sekondari ikabaki na Kiingereza. Sera ya Elimu ya 2014 ilisema Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, lakini karatasi za mtihani wa kidato cha nne ziliendelea kuja kwa Kiingereza, ukiacha za masomo ya lugha kama Kiswahili lenyewe. Wasomi wamebishana sana juu ya jambo hili, na wataendelea. Mimi nataka kueleza linavyoonekana likiwa mezani, kati ya sufuria ya makande na taa ya sola, kwa sababu nimeliona kwa mama yangu.

Mama alimaliza darasa la saba miaka ya themanini, katika kijiji kimoja cha Meru juu ya Tengeru. Anauza ndizi. Jumatano na Jumamosi anadamka kwenda soko la Tengeru, ananunua mikungu, anairudisha Kimandolu, mingine anaiuza mbichi na mingine anaivundika. Baba alifariki mdogo wangu akiwa darasa la pili. Tangu hapo ada, sare, madaftari na nauli ya kifodi vyote vilitoka kwenye kibanda kile kimoja kando ya barabara.

Mimi ndiye niliyetangulia. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012. Wa rika langu hawahitaji kukumbushwa mwaka huo. Matokeo yalitoka Februari 2013, na zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa wamepata sifuri. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume. Matokeo yakafutwa, alama zikapangwa upya, na Mei yakatangazwa mengine. Februari nilikuwa na sifuri. Mei nilikuwa na daraja la nne, na sikuwa nimeandika neno jipya hata moja.

Jirani zetu walikuja kutupongeza. Mama aliwapikia chai, wakaondoka, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo wewe unajua au hujui?"

Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua kweli. Karatasi ya kwanza ilikuwa imemwambia sijui kitu, karatasi ya pili ikamwambia najua kidogo, na yeye hakuwa na njia yake mwenyewe ya kupima. Mfanyabiashara wa ndizi anaweza kuliminya tunda, akalinusa, akakuambia limebakiza siku mbili. Kwa mtoto wake aliyekaa shuleni miaka kumi na moja, ilimbidi asubiri aambiwe na watu asiowajua.

Nilirudia mtihani mwaka uliofuata kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata pa kushika, nikasomea uhasibu ngazi ya cheti kisha stashahada. Leo natunza vitabu vya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi. Lakini naamini lile swali ndilo lililoamua jinsi mama alivyomsimamia mdogo wangu mwaka 2023, zamu yake ilipofika.

Agosti ya mwaka huo alikuja na barua ya kambi. Wanafunzi wa kidato cha nne wangelala shuleni hadi siku ya mtihani, wasome usiku na mchana, na kila mzazi achangie shilingi 250,000 za chakula na mafuta ya jenereta. Anayeshindwa mtoto wake angesomea nyumbani. Mtaji wote wa mama ulikuwa kama laki tatu. Nilimwambia ningeweza kutoa 80,000. Alizikunja zile za kwake, akazikunjua, akamwita mdogo wangu.

"Baba, ukienda kambi utapata nini ambacho hapa hukipati?"

Mdogo wangu alifikiri kidogo, akasema, "Muda. Na wenzangu."

Mama akasema hilo ni jibu la kweli. Kama angesema "walimu" asingemwamini, maana walimu wale wale alikuwa nao mchana. Basi akaenda kuzungumza na wazazi wawili wa jirani ambao nao barua iliwakwamisha. Wakakubaliana vijana wao waje kwetu kila jioni na Jumapili baada ya ibada. Mmoja wa wazazi angeleta mahindi na maharage, mwingine mkaa. Sisi tungetoa sebule na taa. Miezi ile ilikuwa ya mgao wa umeme, na taa ya sola ya mama, ile anayofungia hesabu kibandani, ikawa mali ya kidato cha nne.

Muda nao aliutoa kwa namna yake. Jirani mmoja alimshauri asimguse kijana kwa kazi yoyote hadi Novemba. Mama alipunguza, lakini hakufuta. Kukata migomba ya ng'ombe kulibaki kwa mdogo wangu, asubuhi dakika ishirini. "Kichwa kinachokaa tu kinalala," alisema. Mara nyingi nilimsikia huko bandani akimtajia ng'ombe sababu za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Kisha zikaanza zile jioni. Vijana watatu wanakaa mezani na mitihani ya miaka iliyopita. Mama anakaa kwenye kigoda karibu na mlango akichambua mchicha au kupanga chane za kesho. Ikifika saa mbili usiku anasema, "Haya, mmoja anieleze alichosoma leo. Anieleze mpaka nielewe."

Wiki ya kwanza mdogo wangu aliona aibu mbele ya wenzake. "Mama, unatupotezea muda. Mtihani ni Kiingereza."

"Na mimi ni Kiswahili," mama akajibu. "Kama jambo unalijua, litapita kwangu pia."

Zamu ya kwanza ilikuwa ya osmosisi. Kijana wa jirani alisimama, akakariri fasili kwa Kiingereza bila kupumua, kisha akatafuta namna ya kuisema kwa Kiswahili, akakwama. Mdogo wangu akamsaidia: maji yanatoka upande yalipo mengi kwenda upande yalipo machache, kupitia utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Mama akauliza utando uko wapi. Kwenye seli. Seli ya nini? Ya kitu chochote chenye uhai, hata mmea. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo ndiyo maana kachumbari ukiitia chumvi mapema inajaa maji. Maji yanatoka kwenye nyanya yanafuata chumvi."

Hakuna aliyejibu. Mdogo wangu alivuta daftari akaandika. Kwenye kitabu chao kulikuwa na mfano wa kiazi kilichochongwa na kutiwa maji ya chumvi, wameukariri, na hakuna kati yao aliyekuwa ameuona kwenye bakuli la nyumbani.

Baada ya siku ile mambo yalibadilika. Vijana walianza kuja na vitu vya kumbana mama. Kwenye kemia wakamweleza kwamba ndizi ikianza kuiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huwaivisha wenzake. Mama akacheka sana. Maisha yake yote alikuwa anaweka ndizi mbivu moja katikati ya mbichi, kama alivyofundishwa na bibi, na kumbe gesi hiyo ina jina na ina mchoro: kaboni mbili zilizoshikana kwa mikono miwili. Akaomba achorewe. Karatasi ile aliibandika kibandani.

Sitaki msomaji adhani kigoda cha mama kilitatua kila kitu. Mtihani hautoi alama kwa kumwelewesha mama. Kijana anaweza kuelewa osmosisi kama anavyoelewa kachumbari, kisha akapoteza alama kwa sababu sentensi ya Kiingereza imemvunjikia mkononi. Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa. Nikitoka dukani, saa tatu usiku, yule aliyemweleza mama anaandika jambo lile lile kwa Kiingereza katika mistari mitano, nami napitia kwa kalamu nyekundu. Niliona tofauti ambayo sikuwahi kuiona nilipokuwa nasoma mimi: mtu mwenye jambo la kusema hutafuta maneno, na mtu mwenye maneno ya kukariri hukwama linapopotea moja tu.

Hisabati na fizikia zilikuwa ngumu zaidi. Mama alikuwa anafuata hatua mbili tatu, kisha anasema, "Hapa umeniacha." Mara nyingine mdogo wangu alijibu, "Hapo ni wewe mama, mimi napaelewa," akaendelea. Mara nyingine alifungua mdomo, akaufunga, akaweka alama pembeni ya daftari. Kesho yake alikwenda kwa mwalimu na hiyo alama. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani hana namna ya kumjibu anayesema "sijaelewa logi." Anayesema "nimeelewa mpaka mstari huu" anajibika.

Oktoba ikaja habari ambayo huja kila mwaka. Kijana mmoja kati ya wale watatu alisema kuna mtu kwenye kundi la simu anauza karatasi ya fizikia, shilingi 20,000, wakichanga ni chini ya elfu saba kila mmoja. Walinong'ona, lakini sebule yetu ni ndogo. Mama hakupandisha sauti wala hakutaja polisi. Aliuliza maswali ya sokoni. Huyo mtu mnamjua kwa sura? Hapana. Wanaonunua ni wangapi? Wengi. Kama ni ya kweli na watu wengi wanaitaka, kwa nini ni rahisi hivyo? Wakanyamaza. "Mimi nikiwa na ndizi nzuri sizitembezi usiku," akasema. Kisha akaongeza, taratibu, kwamba akifaulu mtu kwa karatasi ya kununua, yeye mama atarudi pale pale alipokuwa mwaka 2013, hajui mtoto wake anajua nini.

Novemba ilikuja na mvua nyingi. Njia za kupanda kuelekea Suye zilikuwa tope tupu. Siku za mtihani mama alimwamsha saa kumi na moja, uji, yai moja, na suruali ya pili kwenye mfuko wa plastiki ili asiingie chumba cha mtihani ameloa. Hakumuuliza alichosoma. Jioni hakumuuliza alichojibu. Alisema mtihani uliofanyika ni kama mkungu ulioshauzwa.

Matokeo yalitoka Januari. Nilimsomea mama kwenye simu yangu: daraja la pili, pointi 19. Alitaka kujua 19 inatoka wapi, nikamwonyesha. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Akahesabu mwenyewe kwa vidole: baiolojia B na Kiswahili B ni nne, C tano ni kumi na tano. Kumi na tisa. Akahesabu tena kuanzia mwisho, kama anavyofanya na noti. Kijana mmoja kati ya wale wengine wawili alipata la tatu. Mwingine alipata la nne, na mama yake alikuja jioni ile kuuliza kama kigoda kitakuwepo, maana anataka kurudia.

"Na hizi mbili za mwisho?" mama akauliza, kidole kwenye kioo cha simu. Hisabati D, fizikia D.

"Hizo hazikuhesabiwa, mama. Yamechukuliwa saba tu."

"Sijauliza kama zimehesabiwa." Akamgeukia mdogo wangu. "Fizikia unaijua au huijui?"

"Kidogo," akasema.

"Kidogo mpaka wapi?"

Mdogo wangu akatazama dari, akafikiri, akaanza kumweleza umeme.