Safari ya Homa Bay na Migori: Soseji za Kitaliani Zinavyotengenezwa Nyumbani

Mwisho wa mwezi wa Agosti nilipata likizo ya siku tano kutoka kazi yangu ya ukarani, nikaona si vema kuimaliza yote nyumbani kwangu Nairobi. Dada yangu ameolewa Homa Bay, na mume wake alikuwa amekwisha kuniambia mara nyingi kwamba huko Migori yuko mzee mmoja, aliyekuwa mpishi, ambaye hutengeneza soseji za Kitaliani kwa mikono yake mwenyewe. Basi nikafunga mzigo wangu mdogo, nikapanda gari la usiku.

Homa Bay ni mji wenye sura nzuri asubuhi. Mlima Asego umesimama nyuma yake, na mbele yake ghuba ya Ziwa Victoria imetulia, na huko ufuoni omena wameanikwa juu ya nyavu mpaka ardhi yote yang'aa kama bati. Harufu yao humpokea mgeni kabla ya mwenyeji wake. Nilipomweleza shemeji yangu kuwa nimekuja kwa ajili ya soseji za nguruwe, alicheka sana. Yeye ni Msabato, na katika nchi hii Wasabato ni wengi tangu wamisionari wao walipofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Wao hawali nguruwe, kama vile Waislamu wa Kendu Bay nao wasivyomla.

"Shemeji," akaniambia, "mimi nitakusindikiza mpaka stendi. Lakini hizo soseji zako usiniletee humu nyumbani. Habari ya nguruwe hainihusu hata kidogo."

Neno hilo la mwisho nililiweka moyoni, maana nilipata sababu ya kulikumbuka baadaye.

Matatu ilipita Rodi Kopany, ikaingia barabara kuu pale Rongo, kisha tukafika Awendo, mahali palipojaa mashamba ya miwa kwa sababu ya kiwanda cha sukari. Njiani niliona nguruwe wengi wadogo weusi. Wengine walikuwa wamefungwa kamba mguuni chini ya miti. Wengine, katika mashamba yaliyokwisha kuvunwa, walikuwa wakijitembelea wapendavyo, wakifukua na kula kila walichokikuta. Abiria mmoja mkulima akanieleza kuwa ndiyo desturi: mazao yakiwa shambani nguruwe hufungwa, na mavuno yakiisha hufunguliwa ili ajitafutie chakula, maana chakula cha kununua ni ghali. Nikaona ni akili nzuri ya kubana matumizi.

Mzee yule anakaa nje kidogo ya mji wa Migori, upande wa Uriri. Katika ujana wake alikwenda pwani kutafuta kazi, akawa mpishi katika nyumba za Wataliani huko Malindi. Msomaji ajua kuwa Wataliani ni wengi katika mji ule. Wataalamu wao walikuja miaka ya 1960 kujenga kituo cha San Marco hapo Ngomeni, ambako setilaiti ya kwanza ilirushwa angani kutoka baharini mwaka 1967, na baada yao wakaja wenye hoteli na watalii. Huko ndiko mzee alikojifunza soseji ambayo wenyewe huiita salsiccia. Hakuandikiwa kitabu, alisimama karibu na meza na kutazama.

Nilimkuta ana banda safi la nguruwe wawili, sakafu ya saruji, na choo cha shimo kilichojengwa vizuri nyuma ya nyumba. Nguruwe wa tatu, mkubwa kuliko wenzake, alikuwa amefungwa peke yake kando.

"Huyu si wa banda langu, Bwana Karani," akasema. "Nimemnunua juzi kwa mtu wa kijiji cha pili. Hoteli moja ya mjini yataka kilo ishirini za soseji, na hawa wangu bado hawajafikia uzito. Kesho tutamchinja, na fedha yake italipa karo ya mjukuu wangu ya muhula wa tatu."

Alfajiri tukampeleka machinjioni. Mkaguzi wa nyama alikuwa kijana mpole, asiye na maneno mengi. Nguruwe alipokwisha kuchinjwa na kupasuliwa, akapasua ulimi, kisha moyo, kisha misuli ya bega. Akanyamaza. Akatuita tusogee tutazame. Ndani ya nyama nyekundu kulikuwa na vifuko vidogo vyeupe vyenye maji, vikubwa kama punje ya mchele au zaidi kidogo, hapa kimoja, pale vitatu, na katika bega vingi mno visivyohesabika.

"Pole, Mzee," akasema. "Huyu hawezi kuliwa."

Nyama yote ilitiwa mafuta ya taa na kufukiwa. Mzee alisimama mpaka udongo ukarudishwa wote, kofia yake mkononi, kama mtu aliye mazikoni. Mimi sikupata neno la kumwambia.

Yanipasa sasa nieleze ugonjwa huu, kwani ni wachache wanaoujua vema, nami nilikuwa mmoja wa wasioujua. Vifuko vile ni watoto wa mnyoo aitwaye tegu. Mtu akila nyama yenye vifuko ambayo haikuiva, tegu hukua tumboni mwake akawa mrefu wa mita kadhaa, na mwenye naye pengine hajisikii kuumwa. Lakini kila aendapo haja hutoa mayai maelfu. Asipotumia choo, nguruwe anayezurura hula uchafu ule, na mayai yakawa vifuko katika nyama yake. Basi ile akili ya kubana matumizi niliyoisifu ndani ya matatu ilikuwa na gharama yake.

Tena liko jambo baya zaidi. Mayai yale yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono isiyonawiwa, au kwa maji, au kwa mboga zilizochafuliwa, vifuko huota katika mwili wa mtu mwenyewe, hata katika ubongo, na mtu huyo huweza kushikwa na kifafa. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa mahali penye ugonjwa huu sana, karibu wagonjwa 30 wa kifafa katika kila 100 wameupata kwa sababu hiyo. Wala hapahitajiwi kula nguruwe ili kupatwa. Yatosha kuwa jirani wa mwenye tegu asiye na choo.

Na nchi ya Homa Bay imepimwa. Wataalamu waliwachunguza nguruwe 392 huko, wakachapisha habari zao mwaka 2012. Walipotazama chini ya ulimi wa nguruwe aliye hai, walikuta vifuko katika nguruwe wapatao 6 kwa kila 100. Lakini kipimo cha damu kilionyesha alama ya ugonjwa katika nguruwe karibu 33 kwa kila 100. Kwa hiyo mnunuzi anayetazama ulimi tu sokoni, kama alivyofanya mzee wetu, huwakosa wengi. Yeye aliutazama, akauona safi.

Tuliporudi nyumbani mzee aliketi muda mrefu chini ya mwembe. Mkewe akamletea chai, akasema, "Baba, unywe kwanza." Alipokwisha kunywa akainuka, akaenda bandani, akawatazama wale wawili. Nikamwuliza kama haingekuwa heri kumwomba mwenye hoteli angoje.

"Hoteli haingoji, na shule haingoji," akajibu. "Tutamchukua huyu wa kushoto. Uzito wake ni mdogo, lakini huyu namjua tangu alipokuwa ananyonya."

Siku ya pili tukawa tena machinjioni mbele ya kijana yule yule. Akapasua ulimi, moyo na bega, akatazama mara mbili, kisha akapiga mhuri. Nilimwona mzee akivuta pumzi.

Nyama haikusagwa siku ile. Ilikatwa vipande ikawekwa katika friji mpaka kesho yake, kwa kuwa siri ya kwanza ya soseji ni ubaridi. Nyama ikiwa na joto, mafuta huyeyuka katika mashine, na soseji ikipikwa huwa kavu kama vumbi la mbao. Hata chombo cha mashine ya kusagia, ile ya kuzungushwa kwa mkono, mzee alikiweka kwenye barafu.

Alitumia nyama ya bega, sehemu tatu, na mafuta magumu ya mgongoni, sehemu moja. Usione mafuta hayo kuwa ni mengi. Bila hayo si soseji. Kwa kila kilo alipima chumvi gramu 18 katika mizani ndogo, wala hakukadiria kwa kiganja. Akatia pilipili manga iliyopondwa, kitunguu saumu, na mbegu za shamari alizozikaanga kidogo bila mafuta. Shamari hupatikana katika maduka ya Wahindi. Mbegu zake zafanana na bizari nyembamba ila ni nene na zina utamu, nazo ndizo zinazoipa soseji nyingi za Kitaliani harufu yake. Wataliani wengine hutia na divai nyekundu. Mzee hutia maji ya barafu, kikombe kidogo kwa kilo tano, akasema kuwa kwa divai ya Malindi aliyoiona ikimwagwa katika nyama angalijenga nyumba.

Kisha akachanganya kwa mikono mpaka nyama ikanata na kushikamana, hata alipogeuza kiganja chake chini donge halikuanguka. Hapo ndipo ilipokuwa tayari. Mkewe alikuwa amekwisha kushughulika na utumbo mwembamba: ameupindua nje ndani, ameukwangua kwa mgongo wa kisu mpaka ukabaki ngozi nyembamba ya kuona mwanga, ameusugua kwa chumvi na kuuosha maji mara nyingi. Kazi hii ni ndefu kuliko zote, nayo ndiyo isiyosifiwa. Wakauvika katika mdomo wa mashine, yeye akisukuma na mke akipokea, pole pole, pasiwe na hewa ndani. Penye povu la hewa akachoma kwa sindano. Kila urefu wa kiganja akasokota, mara moja kulia, mara moja kushoto, ili zisifunguke.

Nikamwuliza kwa nini asizitundike zikauke, kama nionavyo katika picha za Ulaya. Akatikisa kichwa. Zile za kukauka hutiwa dawa maalumu ya chumvi kwa kipimo halisi, na hukaushwa katika vyumba vya baridi kwa majuma mengi. Katika joto la Migori zingeoza ndani huku nje zikionekana nzuri. Nikamkumbusha kuwa Wajaluo hukausha nyama ya ng'ombe, ile alyia, nayo haiharibiki. "Alyia ni ukanda mwembamba," akasema, "jua na moshi huufikia wote. Soseji ni nene, imefungwa katika ngozi, na katikati yake ni maji." Jibu hilo lilinitosha.

Soseji mbichi basi hukaa katika friji siku mbili tu, au hugandishwa. Za kula siku ile alizichemsha kwanza kwa moto mdogo, ndipo akazipaka rangi juu ya makaa. Alikuwa na kipimajoto cha jikoni, akakichoma katikati ya soseji, hakuridhika mpaka kikasoma digrii 71. Baada ya yale tuliyoyaona machinjioni sikumwuliza sababu. Nyama iliyosagwa haitazamiki tena. Kifuko kikiisha kupita katika mashine hakuna jicho litakalokiona, na kwa hiyo mhuri hutangulia mashine, na moto hufuata.

Maji yaliyooshea nyama na mabaki yote aliyatia shimoni. Hampi nguruwe wake hata kipande, kwa kuwa anaiogopa ile homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina dawa, na ambayo virusi vyake huishi muda mrefu katika nyama mbichi. Ugonjwa huo ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya, mwaka 1921. Mwaka 1957 ulifika Ureno, na mwaka 1978 ukaingia kisiwa cha Sardinia, katika nchi ya Wataliani wenyewe. Wao wametuletea soseji, nasi tulitangulia kuwapelekea hasara.

Kwa utamu, sitasema mengi. Nilikula nne na ugali na sukuma wiki, na ya tano nikaombwa niile. Nguruwe mdogo alitoa kilo kumi na moja tu badala ya ishirini. Mwenye hoteli alizichukua zote alizopelekewa na kuagiza nyingine kwa mwezi ujao, na nusu ya karo ikapatikana. Nusu iliyobaki mzee alikwenda kuizungumza na mwalimu mkuu.

Niliporudi Homa Bay sikubeba soseji, kama nilivyoagizwa. Lakini usiku ule nilimweleza shemeji yangu habari ya mayai yale na jinsi yanavyoingia katika mboga na maji, hata kwa mtu asiyeonja nguruwe maisha yake yote. Alisikiliza bila kucheka. Nyuma ya nyumba yake iko bustani ya sukuma wiki, na ng'ambo ya ua yuko jirani mwenye nguruwe watatu wanaozurura na watoto sita.

"Wana choo hao?" akamwuliza dada yangu.

"Kilibomoka wakati wa mvua kubwa," akajibu. "Hawajajenga kingine."

Asubuhi, nilipokuwa nikifunga mzigo wangu, nilimwona shemeji akivuka ua na jembe begani kwenda kubisha hodi kwa jirani.