Kompyuta ya Chama Imeanza Kuandika PS: Ufanye Nini

Leo naweka viuatilifu pembeni. Najua utasema bwana shamba na kompyuta wapi na wapi, lakini siku hizi kilo zako za ufuta ziko kwenye kompyuta ya karani wa AMCOS, na deni la mteja wako liko kwenye kompyuta ya dukani. Faili likipotea, utasimama mkutanoni kudai malipo ukiwa na stakabadhi iliyofutika maandishi.

Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta nyingi zinapandishwa kwenda Windows 11. Baada ya hapo makarani wananiuliza swali lile lile: kidirisha cheusi cha kuandikia amri kimebadilika. Zamani kilianza hivi:

C:\Users\karani>

Sasa kinaanza hivi:

PS C:\Users\karani>

Hizo herufi mbili si virusi. Zinakuambia umeingia kwenye programu iitwayo PowerShell, wakati uliyoizoea wewe ni Command Prompt. Kwenye Windows 11 ukifungua Terminal, mara nyingi inayokuja ni PowerShell. Ni kama kumkuta muuzaji mwingine kwenye kaunta ile ile: bidhaa zipo, ila maagizo yako ya mkato aliyokuwa akiyajua mwenzake yeye hayajui.

Kuna chama kimoja ninachokihudumia, ukutani wamebandika karatasi yenye amri ya kunakili daftari kwenda kwenye flashi kila jioni:

copy /y %USERPROFILE%\Documents\daftari.xlsx E:\

Command Prompt inaielewa. PowerShell inatoa maandishi mekundu ya Kiingereza na hainakili chochote. Karani aliona mekundu, akafunga, akachomoa flashi, akaenda zake. Tulipoifungua flashi, faili lilikuwa la wiki tatu nyuma, na wiki hizo tatu ndizo wanachama wengi walizopeleka mzigo. Bahati kompyuta yenyewe ilikuwa nzima.

Ukikutana na PS, andika cmd kisha bonyeza Enter. PS itaondoka na amri ya zamani itafanya kazi. Lakini ukifunga kidirisha, kesho itarudi. Isirudi, bonyeza mshale mdogo ulio juu pembeni ya kichupo, ingia Settings, kwenye Startup tafuta Default profile, chagua Command Prompt, halafu Save.

Mimi napenda zaidi njia nyingine, maana karani hubadilika na karatasi hudondoka ukutani. Fungua Notepad, andika ile amri, mstari wa chini yake andika pause. Hifadhi kwa jina nakala.bat, na kwenye aina ya faili chagua All files, la sivyo litakuwa faili la maandishi tu. Kuanzia hapo karani anabofya mara mbili, basi. Faili la .bat huendeshwa na Command Prompt hata kama PS ndiyo inayofunguka kwingine, na neno pause linazuia kidirisha kisijifunge kabla hujasoma. Unachotaka kuona ni 1 file(s) copied.

Ikisema faili halionekani, angalia mambo mawili. Flashi inaweza kuwa imepewa herufi nyingine, D au F badala ya E. Fungua This PC uone. Au folda ya Documents imehamishiwa ndani ya OneDrive, jambo linalotokea mara nyingine kompyuta ikiwekwa upya. Na ukiona C:\Windows\System32> usifute kitu chochote hapo, ni folda ya mfumo wenyewe. Funga, ufungue upya bila kuchagua Run as administrator.

Wewe mwanachama usiyegusa kompyuta una haki ya kuuliza. Siku ya kupeleka mzigo, mwombe karani achomeke flashi akuonyeshe tarehe ya faili la daftari. Ikiwa si ya jana au leo, mwambie katibu kabla hujaondoka ghalani.