Shahada Isiyotajwa Kwenye Matangazo ya Kazi

Nilimaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na shahada ya fizikia, nia yangu ikiwa kuendelea na uzamili. Ada sikuwa nayo. Ufadhili nao una msimu wake. Ukikukosa unangoja mwaka mzima, na huo mwaka una kula, kodi na nauli.

Matangazo ya kazi yalinivunja moyo kuliko njaa. Wanatafutwa wahandisi, wahasibu, maafisa ugavi. Mwanafizikia hatajwi. Shule nyingi zilitaka mwenye shahada ya ualimu. Mjomba, aliyeuza ng'ombe ili nisome, aliniuliza kwa upole, "Mjomba, hiyo fizikia huwa inaajiriwa wapi?" Nikamjibu, "Itapatikana tu, mjomba." Usiku huo sikulala.

Nikapata tempo kwenye shule moja binafsi, kidato cha tano na cha sita. Mshahara ulichelewa, mwisho ukakatika kabisa. Hata hivyo nawashukuru wale wanafunzi, maana maswali yao yalinikazia misingi kuliko mtihani wowote wa chuo.

Mungu alinifungulia mlango Dodoma, kwenye duka la vifaa vya sola. Mwenye duka hakuwa akitafuta mwanafizikia. Alitaka mtu wa kumweleza kwa nini wateja wanalalamika kwamba umeme unapungua saa sita mchana, jua likiwa kali kabisa. Nikaomba kupanda paa la mteja mmoja. Paneli zilikuwa zimelazwa juu ya bati, hata kidole hakipiti chini yake. Nikapima joto mgongoni mwa paneli: nyuzi 68. Paneli ya silikoni hupimwa kiwandani ikiwa na nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hapo hula takriban asilimia 0.4 ya nguvu yake. Piga hesabu: asilimia 17 zimekwenda na joto. Tukazinyanyua kwa fremu hewa ipite, tukaziinamisha kidogo ili mvua ikinyesha isafishe vumbi. Pampu ya mteja ikaanza kujaza tangi mapema kuliko zamani.

Mwenye duka akanipa mkataba. Mchana nilikuwa juu ya mapaa. Jioni naandika daftarini joto, volti, saa, na hali ya vumbi. Hakuna aliyeniagiza. Nilihofia tu kwamba fizikia ingenitoka.

Nyakati hizo nilimsoma sana Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan. Alirudi kwao kufundisha Lahore mwaka 1951, akakosa wa kuzungumza naye fizikia, ikambidi aondoke. Uchungu huo hakuusahau: mwaka 1964 alianzisha kituo Trieste, Italia, ili wanasayansi wa nchi maskini wapate pa kufanyia utafiti bila kuzihama nchi zao. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko hata Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1979.

Nilipoomba tena ufadhili, safari hii kwa uzamili wa nishati jadidifu, niliambatanisha kurasa za daftari. Kwenye usaili waliacha vyeti kando, wakanibana kuhusu vumbi: linapunguza kiasi gani, nimelitenganishaje na joto? Nikawajibu nilichopima, na nisichopima nikasema bado.

Nimechaguliwa. Utafiti wangu utakuwa wa vumbi hilohilo la kiangazi cha Dodoma, na mwenye duka amenikabidhi paa la duka lake nifunge vipimo.