Meza Inasubiri Usukani

Wiki ya tatu sasa. Kila asubuhi, kabla hata sijapiga mswaki, nachukua simu na kumwandikia yule dada wa wakala wa mizigo kule Kariakoo: "Habari za asubuhi dada, vipi mzigo wangu?" Na kila asubuhi ananijibu kwa upole uleule: "Upo njiani kaka, usijali."

Njiani wapi? Dubai mpaka Dar es Salaam ni saa tano na ushee kwa ndege. Mzigo wangu nadhani unakuja kwa miguu.

Jamani, nisiwafiche. Kilichomo kwenye boksi hilo si simu, si viatu, wala si vipuri vya gari. Gari lenyewe sina. Ni usukani wa ndege. Naam, wa ndege. Unaufunga kwenye ukingo wa meza, unauchomeka kwenye kompyuta, halafu unakaa na bukta yako chumbani ukirusha ndege isiyokuwepo kwenda Zanzibar. Ni wa Logitech, ule uliouzwa zamani kwa jina la Saitek kabla Logitech haijainunua chapa hiyo mwaka 2016. Unakuja na kisanduku cha pembeni chenye vishikio vitatu vya kuongeza na kupunguza nguvu za injini. Ukijumlisha bei, usafiri na ushuru umenigharimu laki sita na themanini elfu. Mshahara wa mwandishi wa habari mnaujua. Mama yangu hajui bei hiyo, na naomba ibaki hivyo.

Nimekulia Tabora, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi. Tulikuwa tunakwenda kushika uzio wa uwanja wa ndege, sisi na mbuzi wa watu, tukisubiri ndege iteremke. Mwalimu akiuliza darasani nani anataka kuwa nani, nusu ya wavulana tulikuwa marubani. Kisha unakua, unagundua kwamba urubani unasomewa kwa fedha ambazo baba yako hatazipata hata akifundisha miaka mia mbili. Unachagua kitu kingine. Mimi nikaenda Mlimani, nikatoka na shahada, nikapata kazi gazetini. Ndoto ya ndege nikaiacha pale kwenye uzio, na kusema kweli sikuilia.

Iliyonirudisha ni Jumapili moja. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42 ilianguka Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Waliokufa ni 19, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao. Mimi nilikuwa mgeni katika chumba cha habari, nimepangwa zamu ya Jumapili kwa sababu wageni ndio hupangwa Jumapili. Simu zikaanza kuita. Mhariri wa habari akaniambia niandike aya mbili tu za kumweleza msomaji namna ndege inavyotua na kwa nini hali mbaya ya hewa inaweza kuifanya kazi hiyo kuwa ngumu.

Aya mbili. Nikaandika. Akasoma, akavua miwani, akaniuliza taratibu: "Kijana, unakijua unachokiandika?"

Sikukijua. Nilikuwa nimepanga maneno makubwa makubwa kama mtu anayepanga nyanya sokoni, nzuri mbele, mbovu nyuma. Aya zile hazikutoka. Ni sawa kabisa kwamba hazikutoka, lakini swali la yule mzee lilikaa kifuani kwangu. Watu wamekufa majini, na mimi ninayelipwa kuwaeleza wengine sina ninachokielewa kuhusu dakika zao za mwisho zaidi ya yule mtoto wa kwenye uzio.

Basi, wiki chache baadaye nikapakua FlightGear. Kwa wasioijua, hiyo ni programu ya bure ya kuigiza urushaji wa ndege. Watu wa kujitolea wamekuwa wakiijenga tangu miaka ya tisini, na dunia yote imo, na uwanja wetu wa Julius Nyerere umo na njia yake ya mita 4,600. Nikachagua Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne ambayo maelfu ya marubani duniani wamejifunzia. Nikaianguka. Nikaianguka tena. Nimeiangusha ndege ile Kipawa, Ukonga, baharini, na siku moja sijui ilikuwaje nikaangukia kilomita nyingi kutoka mahali ambapo ramani ilisema nipo.

Lakini nikajifunza. Nilikuwa nadhani ukitaka ndege ipande unavuta usukani, basi. Sivyo. Ukivuta pua juu bila kuongeza nguvu za injini, inaanza kupoteza kasi, na kasi ikipungua mno mabawa hayawezi tena kuibeba. Wakati wa kutua mambo yote hayo yanakujia pamoja. Cessna inataka uifikishe kwenye njia ikiwa na kasi ya noti kama 65 hivi, sawa na kilomita 120 kwa saa, huku unashuka, huku upepo unakusukuma pembeni, na mwishoni kabisa uinue pua kidogo tu ili magurudumu ya nyuma yaguse kwanza. Kidogo tu! Hapo ndipo mausi inaponiua. Mausi haina uzito, haina katikati. Ukiisogeza mpaka ukingo wa meza unainyanyua unairudisha, na wakati unairudisha ndege imeshalala ubavu. Usukani una springi, ukiuachia unarudi katikati wenyewe. Mkono unajua ulipo bila kuuliza macho. Ndiyo maana ya laki sita na themanini, ndugu zangu. Springi.

Sasa turudi mezani, maana ndiko yalikonikuta.

Napanga chumba na sebule Kiwalani, jirani na uwanja wa ndege, ndege za kweli zikitupitia juu ya bati tunanyamaza kidogo halafu tunaendelea na mazungumzo. Naishi na mdogo wangu wa kike anayesoma uuguzi. Yeye yuko chumbani, mimi nalala sebuleni, na meza ni moja. Niliinunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Jumamosi iliyopita nikaazima futi kamba kwa jirani, nikapima. Sentimita 120 kwa 60. Nikaandika kwenye karatasi, kisha nikaorodhesha wakazi wa meza hiyo kama karani wa sensa: kioo cha kompyuta, kibodi, mausi, ekstensheni, pasi, redio ya marehemu babu isiyoshika stesheni yoyote, rundo la magazeti yenye habari zangu, notibuku thelathini na moja za kazini, kopo la kalamu zisizoandika, na vitabu vya mdogo wangu.

Nikachukua boksi la viatu, nikaliweka pale utakapokaa usukani. Nikakaa kitini, nikalishika boksi kwa mikono miwili, nikavuta taratibu kuelekea tumboni. Nikagundua tatizo la kwanza: kibodi haina pa kukaa. Tatizo la pili likawa baya zaidi. Usukani unafungwa kwa kibano cha skrubu kinachoshika ukingo wa meza juu na chini, na chini ya ukingo wa meza yangu kuna droo. Kibano hakina pa kushika. Nilikuwa bado nimelikumbatia boksi la viatu, nimekunja uso, nageuka kushoto kuitafuta Zanzibar, mdogo wangu akafungua mlango.

"Kaka, uko salama?"

Nikamwambia niko salama.

Siku hiyo nikaanza kupunguza vitu. Magazeti yalikwenda kwa mama wa vitumbua, na sasa mtaa mzima unakula vitumbua vilivyofungwa kwenye habari zangu, heshima ambayo mhariri hajawahi kunipa. Kalamu nikatupa. Redio ya babu nikaipandisha juu ya kabati. Notibuku zilinisumbua kidogo. Nikafungua moja nikakutana na ile ya Novemba 2022. Ukurasa una namba za simu, majina ya hospitali, na katikati nimeandika kwa herufi kubwa: NDEGE INATUAJE? Nikaiweka kando. Zile thelathini nikazifunga kwenye mfuko wa salfeti zikaingia uvunguni.

Jumatatu nikarudi kazini saa tatu usiku. Meza ilikuwa nyeupe. Vitabu vyote vya mdogo wangu havipo. Sikuwa nimemwomba avitoe, nawaapia. Nikachungulia chumbani, nikamkuta ameketi sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, amepindua ndoo na kuweka kitabu cha anatomia juu yake, anasomea mwanga wa simu kwa sababu taa ya chumbani inampa kivuli. Mtihani wake ulikuwa Alhamisi.

"Mbona huku?"

"Si umesema unahitaji nafasi, kaka?"

Hakusema kwa kununa. Kama angenuna ningejitetea vizuri. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikaanza kumhubiria. Nikamweleza habari za Edwin Link, kijana wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha baba yake cha kutengeneza piano na vinanda, Binghamton, New York. Masomo ya urubani yalikuwa ghali hata kwao. Link akachukua mivukuto ile ile inayosukuma hewa kwenye vinanda, akaifunga chini ya kisanduku chenye umbo la ndege, na kufikia mwaka 1929 kilikuwa kinayumba na kuinama kama ndege ya kweli bila kuondoka ardhini. Watu wakaona ni mchezo. Vya mwanzo vingi viliishia kwenye viwanja vya burudani, watoto wakilipia kupanda. Mpaka mwaka 1934, jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani wakaanza kufa kwenye mawingu na ukungu kwa kutojua kurusha kwa kutazama vipimo. Ndipo jeshi likanunua vile visanduku, sita kwa kuanzia. Katika Vita Kuu ya Pili vikawafundisha marubani kwa maelfu. Nikamaliza hotuba yangu: unaona, mdogo wangu, kilichoitwa mchezo kiliokoa watu.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kidole kikiwa kimeshika ukurasa. Kisha akasema:

"Naelewa kaka. Hata sisi tunachoma midoli sindano kwanza, ndiyo tunakwenda wodini. Ila mimi wagonjwa wangu wapo, wananisubiri. Wewe abiria wako wako wapi?"

Mnataka niwaambie nilimjibu nini? Sikumjibu. Kwenye daladala kesho yake ndiyo jibu likanijia: abiria wangu ni wasomaji, siku nyingine ikitokea ajali nitaandika aya mbili zinazosimama. Jibu zuri. Lakini nilipokuwa Tazara kwenye foleni nikalitazama tena nikaona ni nusu ya ukweli. Kuhusu kutua ningeweza kujifunza kwa mausi na vitabu. Nimeshajifunza vya kutosha kuandika aya mbili, hata nne. Usukani nautaka kwa sababu ya yule mtoto wa Tabora. Anataka kushika kitu chenye uzito mkononi walau mara moja. Hakuna abiria hapo, yupo yeye peke yake. Na si dhambi, nadhani, mtu kujinunulia kitu. Kosa langu lilikuwa kumfunika yule mtoto na marehemu wa Bukoba ili aonekane mtu mzima, kisha kumwacha ale nafasi ya mtu aliye hai anayesomea juu ya ndoo.

Jumatano nikapita Keko kwa mafundi seremala. Nikamwambia mmoja wao shida yangu. Akauliza: "Usukani wa ndege? Bosi, una ndege?" Nikamwambia inakuja. Wakacheka karakana nzima. Lakini fundi ni fundi. Alitoa penseli sikioni, akachora ubao wa mkongo wenye ndoano mbili za chuma, unaoning'inia mbele ya meza chini kidogo ya droo, unatolewa na kusimamishwa ukutani ukimaliza kuutumia. Kibano kitashika ubao. Elfu thelathini na tano, tukashuka mpaka elfu ishirini na nane. Taa mpya ya chumbani ikanila elfu sita.

Usiku huo nikarudisha vitabu mezani mwenyewe, kimoja kimoja. Tumepatana hivi: mpaka saa nne usiku meza ni ya muuguzi. Saa nne mpaka saa tano na nusu ni uwanja wa ndege. Wiki ya mitihani uwanja umefungwa. Alhamisi alifanya mtihani wake, anasema haukuwa mbaya.

Ubao umefika, mzigo haujafika. Jana tulikula chakula juu ya ubao huo kuupima kama unabeba, ugali na dagaa wa kukaanga, na haukuyumba. Leo asubuhi nimeandika tena: "Habari za asubuhi dada." Amenijibu tofauti kidogo na siku zote: "Kaka nitakupigia mchana."

Sasa ni saa kumi. Hajapiga. Simu iko mezani pembeni ya kitabu cha anatomia, na mimi kila ndege ikipita juu ya bati najiuliza kama boksi langu limo ndani.